Shajara ya boti ya rimoti: kasi, chumvi na maji ya Tudor

Januari, kaskazi

Bodi ya boti imefika. Ni ya faiba, urefu wa sentimita 75, tumbo la umbo la V. Ndugu yangu ameibeba kutoka Dubai ikiwa na mota na kidhibiti mwendo tu. Sevo (kimota kinachogeuza usukani), risiva (kipokezi cha ishara za rimoti) na betri najitafutia. Mota ni ile isiyo na brashi, kV 2000, yaani kila volti moja huizungusha mara 2,000 kwa dakika ikiwa haijabebeshwa mzigo. Kwa betri ya seli tatu, volti 11.1, hiyo ni kama mizunguko 22,200. Kidhibiti kimeandikwa ampea 120.

Kabla ya kufunga skrubu yoyote nimeweka sharti moja la mradi mzima: boti hii itapangwa kwa ajili ya kuoshwa. Maelekezo mengi niliyosoma yameandikwa na watu wanaochezea kwenye maziwa na mabwawa ya maji matamu. Wao wakimaliza hufuta kwa kitambaa wakaenda zao. Sisi tuko kisiwani Mombasa. Ukishuka Tudor ni chumvi, ukishuka Kilindini ni chumvi, ukivuka daraja la Nyali ni chumvi vilevile. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tone likikauka juu ya saketi, chumvi hubaki pale, na usiku kucha huvuta unyevu wa hewa. Kwa hewa yetu ya pwani, kifaa kilichoguswa na maji ya bahari hakikauki mpaka kioshwe.

Kwa hiyo kila kitu kitapimwa kwa maswali matatu: kinatolewa vipi, maji matamu yanakifikia vipi, na upepo unakipitia wapi. Risiva sitaibandika kwa gundi sakafuni, itakaa ndani ya kikasha chenye kifuniko cha mpira. Kidhibiti kitalazwa juu ya reli mbili za mbao zilizopakwa epoksi, kisilale kwenye kidimbwi. Skrubu zote ziwe za kichwa kimoja, ili bisibisi moja ifungue boti nzima.

Januari, mwisho wa mwezi

Nilimpelekea bodi fundi mmoja wa mashua anayefanya kazi ufuoni karibu na Bandari ya Kale. Nilitaka macho yake kabla ya yangu. Baada ya shikamoo na marahaba aliigeuza juu chini magotini, akaomba uzi, akauvuta kutoka tezi, yaani nyuma, kuelekea omo, yaani mbele, akaufuatisha kwa kidole.

"Hapa pameingia, mwanangu. Kikishika kasi tezi litanyanyuliwa, omo lichimbe maji."

Alikuwa ameona kwa uzi kile ambacho vitabu vya boti za kasi husisitiza: sehemu ya nyuma ya tumbo, ile robo ya mwisho ambayo boti huilalia inapokimbia, lazima iwe imenyooka. Pakiwa na bonde dogo karibu na tezi, maji husukuma nyuma juu na mbele chini. Pakiwa na kitumbo, mbele huinuka na boti hurukaruka. Bonde la bodi hii halifiki milimita moja, lakini kwa chombo cha sentimita 75 hiyo si kidogo.

Nimelijaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, nikasugua kwa msasa wa maji namba 400 uliozungushwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Mkono mtupu haufai hapa, kwa sababu vidole hufuata bonde. Kingo za pembeni na ukingo wa tezi nimeziacha kali. Ukingo wa mviringo hupendeza kwa macho lakini maji huung'ang'ania yakapanda ukutani. Ukingo mkali huyakata na kuyaacha nyuma.

Nilipomrudishia aitazame, fundi alipitisha uzi tena, hakusema neno, akanirudishia bodi. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Februari

Kazi ya mwezi huu ni mkia wa boti: shafti, mrija wake, propela na usukani.

Shafti ni ya nyaya za chuma zilizosokotwa, si chuma kigumu. Hupinda kidogo kutoka kwenye mota mpaka nje, ikipita ndani ya mrija wa shaba. Mambo mawili kuihusu. Kwanza, inapobeba nguvu hujisokota zaidi na kufupika, kwa hiyo kati ya kishikio cha propela na bushi ya nyuma lazima kuwe na pengo. Nimeacha milimita 3. Bila pengo hilo, shafti ikifupika huvuta propela ikagota kwenye bushi, joto likapanda na mota ikavutwa kutoka kiti chake. Pili, msokoto wake una upande mmoja. Ukiizungusha kinyumenyume kwa nguvu, nyaya hufunguka. Kwa sababu hiyo nimekipanga kidhibiti kiende mbele tu, pasi na gia ya nyuma. Boti ya kasi haina haja ya kurudi nyuma. Ikikwama, nitaifuata.

Propela ni ya mabawa mawili, kipenyo milimita 40, imetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na berili. Zinakuja butu kutoka kiwandani na inabidi kuzinoa na kuzisawazisha. Hapa naomba kila anayejaribu kazi hii anisikilize vizuri: vumbi la berili ni sumu kwa mapafu. Usinoe ikiwa kavu, na usitumie mashine ya kusagia. Mimi hunoa ndani ya karai la maji kwa msasa wa maji, nimevaa glavu na barakoa, kisha maji yale humwagwa mbali na jikoni na kitambaa hutupwa. Watoto hawakaribii siku hiyo.

Kusawazisha nilifanya kwa nyembe mbili zilizosimamishwa sambamba kwenye vipande vya mbao. Propela huvishwa kijiti cha chuma kilichonyooka, kijiti kikalazwa juu ya nyembe. Bawa zito hushuka chini lenyewe. Unalipunguza mgongoni kidogo kidogo mpaka propela ikae popote unapoiacha. Kazi hii inachosha macho, lakini mtikisiko mdogo kwenye mizunguko elfu ishirini hula beringi kabla chumvi haijaanza kuzila.

Usukani wa boti hii una tundu kwenye ukingo wake wa mbele. Boti ikikimbia, maji huingia humo, yakapanda mrija wa silikoni hadi kwenye kidhibiti, kutoka hapo yakazunguka mota, kisha yakatoka kwa tundu la ubavuni. Nimeyapitisha kwenye kidhibiti kwanza kwa kuwa ndicho kinachostahimili joto kidogo zaidi. Kumbuka maji yenyewe si baridi: bahari yetu mwezi wa tatu hukaribia nyuzi 29. Ninaposoma kwamba fulani ameweka propela kubwa zaidi na mota yake haikuchemka, huwa nauliza kwanza ziwa lake lina nyuzi ngapi.

Tundu la kutokea maji nimeliweka ubavu wa kulia, juu ya mstari wa maji, ili nikiwa ufuoni nione maji yakiruka. Hiyo ndiyo dalili pekee ya kupoza ninayoipata nikiwa mbali.

Februari, radio

Mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo rimoti yetu hutumia, hayapiti ndani ya maji ya bahari. Antena ikilala chini ya mstari wa maji, hata mita chache ni nyingi. Ncha inayofanya kazi ni fupi sana, milimita 31 za mwisho, robo ya urefu wa wimbi la sentimita 12.5. Nimeisimamisha ndani ya kijirija cha plastiki kinachochomoza sitahani, nikakiziba juu kwa silikoni. Risiva nimeipaka vanishi ya saketi, isipokuwa kwenye pini, na pini nimezipaka girisi isiyopitisha umeme.

Sevo ya usukani nimeifungua na kutia girisi kwenye mpira wa shingo yake. Sevo nyingi huandikwa kuwa hazipitishi maji, na ni kweli kwa siku za mwanzo.

Jambo la maana kuliko yote katika radio ni namna boti itakavyofanya mawasiliano yakikatika. Nimeipanga risiva ili ishara ikipotea, mota izime na usukani ukae katikati. Nimejaribu nyumbani bila propela: washa, peleka mota taratibu, zima rimoti. Mota ilisimama papo hapo. Jaribio hili hurudiwa kila tunapotoka, ufuoni, kabla boti haijagusa maji. Chombo cha kilo mbili chenye kisu kinachozunguka nyuma hakina ruhusa ya kuendelea peke yake.

Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba chombo cha kwanza kuongozwa kwa radio mbele ya watu kilikuwa boti, na ilikuwa ya umeme wa betri. Nikola Tesla aliionyesha New York mwaka 1898, akapata hataza yake Novemba mwaka huohuo. Ndege na magari ya rimoti yalikuja baadaye. Kwa hiyo sisi wa boti tumetangulia.

Machi, betri

Nimepata betri mbili za lithiamu polima, seli tatu, 5000 mAh (kipimo cha umeme unaohifadhiwa), yaani saa-ampea 5. Aliyezileta alizibeba kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, ncha zikiwa zimefungwa kwa utepe, kama sheria inavyotaka. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaowekwa chini ya ndege, na kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 kwa kila betri. Zangu ni 11.1 mara 5, sawa na 55.5. Anayeagizia mtu amwambie haya kabla hajafika uwanjani.

Seli moja ikijaa ina volti 4.2. Haifai kushuka chini ya 3.3 ikiwa kazini, na kwa kukaa kabatini inataka 3.8. Mimi huchaji kwa ampea 5, yaani kiasi kimoja cha ujazo wake, kwa chaja inayosawazisha seli moja moja, juu ya sakafu ya vigae, mbali na pazia na godoro, nikiwa chumba hichohicho. Umeme ukikatika na kurudi, naanza upya kwa kukagua volti za kila seli. Betri haibaki imejaa usiku kucha ikisubiri kesho, na haiachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto na ujazo kamili kwa pamoja ndivyo vinavyoivimbisha, na betri iliyovimba haitumiki tena hata kama bado inazungusha mota.

Mizani: kitovu cha uzito cha boti ya aina hii huanzia asilimia 30 ya urefu kutoka kwenye tezi. Kwangu ni sentimita 22.5. Nimeweka utepe wa kunata chini ya betri ili niweze kuisogeza mbele na nyuma. Nimeisogeza pia kidogo upande mmoja, kwa kuwa propela ikizunguka upande wake, bodi hutaka kulalia upande wa pili.

Ndani ya omo nimejaza povu la kandambili. Ufuo wetu umejaa kandambili zilizoletwa na maji, na povu lake halinywi maji. Nilizikata vipande, nikaviosha, nikavianika, nikavisukuma mbele na kando. Boti ikiwa tayari ina kilo 2.2, ukiweka lita mbili za povu, hata ikijaa maji itaelea ikionyesha omo. Nililijaribu hilo ndani ya pipa, kifuniko wazi, mawe yakiwa mahali pa vifaa vya umeme kwa uzito uleule. Ilielea.

Machi, maji mafu: majini

Kuchagua siku ni nusu ya kazi. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mkondo wa hori hukimbia, na yakipwa huacha matope na mizizi ya mikoko. Tena bamvua hujaa alasiri, wakati upepo umeshaamka. Maji mafu ndiyo rafiki wa boti ndogo: tofauti ni ndogo, mkondo ni wa polepole, na kujaa kwake huangukia asubuhi, saa nne hivi, kabla kaskazi haijachachamaa. Unapata muda wa utulivu pale maji yanapokuwa yamejaa na hayajaanza kupwa.

Tulishuka mimi na mpwa wangu. Mvuvi mmoja tunayejuana alikuwa na mtumbwi wake karibu, akakubali kusubiri. Hatukutia boti majini mpaka watoto waliokuwa wakioga wamepanda wote. Hili halina mjadala. Tuliwangoja, tukawaonyesha boti, tukawaeleza propela inavyoweza kufanya kwenye kidole, nao wakakaa ukutani kutazama.

Mwendo wa kwanza: iliondoka taratibu, ikapanda juu ya maji, kisha omo likaanza kuinuka na kuanguka, kuinuka na kuanguka. Tuliirudisha. Betri ikasogezwa mbele sentimita moja na nusu. Ikapungua lakini haikuisha. Tukalegeza kishikio cha shafti na kukiinamisha nyuzi moja hivi, ncha ya nyuma ya shafti ikielekea chini kidogo. Msukumo ukainua tezi na kulituliza omo. Baada ya hapo ilikwenda imenyooka, ikitia mkwaruzo mweupe mrefu juu ya maji ya kijani, na watoto ukutani wakapiga makelele. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nikitazama ubavu wa kulia.

"Mjomba, mbona haitoi maji?"

Alikuwa amewahi kuliona kabla yangu. Nikazima, mvuvi akaivuta. Kijani cha mwani kilikuwa kimeziba tundu la usukani. Tukakitoa kwa kijiti cha meno, tukapuliza mrija, tukaendelea. Tangu siku hiyo mpwa wangu ana kazi yake rasmi: mimi naendesha, yeye anatazama maji ya ubavuni na kuyatangaza.

Vipimo vya nyumbani: baada ya dakika nne za kukimbia, chaja ilirudisha 3100 mAh. Ni 775 kwa dakika, au wastani wa ampea 46 na nusu. Sitaki kutumia zaidi ya 4000 kati ya 5000, kwa hiyo kikomo ni dakika tano na kidogo. Nimetega saa ya rimoti ilie kwenye dakika nne na nusu, zilizobaki ziwe za kurejea. Mota ilipimwa nyuzi 58 mara tu baada ya kutoka, kidhibiti 46. Hizo ni nzuri. Mota ikipita 80 sumaku zake huanza kuwa hatarini.

Machi, kuosha

Hapa ndipo mradi wangu ulipo hasa, na nitaeleza kwa urefu.

Nilijifunza kwa mafundi wa mashine za mashua. Mashine ikitoka baharini, huingizwa mkia wake ndani ya pipa la maji matamu na kuwashwa, maji yale yakapita njia zote ambazo ya chumvi yalipita. Mantiki ni hiyohiyo: palipopita chumvi, papite maji matamu, kabla chumvi haijakauka.

Sasa, maji gani? Kisima cha mtaani kwetu kina maji ya magadi. Sabuni haitoki povu vizuri. Kuyatumia kuoshea ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Ya mfereji, yanayotoka Baricho au Mzima, ni mazuri siku yanapotoka. Yasipotoka nanunua mtungi wa mkokoteni na kuweka lita tatu kando kwa boti. Zinatosha ukizigawa vizuri.

Kwanza, tukiwa bado ufuoni, betri hutoka. Hakuna tone la maji linalomwagwa humu ndani betri ikiwa imeunganishwa, maana umeme na chumvi vikikutana kwenye pini hula shaba kwa dakika chache tu. Kisha kifuniko hufunguliwa na maji yaliyoingia hufyonzwa kwa sponji. Natazama yalikotoka: yakiwa karibu na mrija wa shafti ni girisi imekwisha, yakiwa mbele ni utepe wa kifuniko. Kwa joto letu gundi ya utepe wa kawaida hulainika na kuteleza, hivyo utepe mpya kila mara.

Nyumbani, bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa huvishwa kwenye tundu la kutokea maji, na maji matamu husukumwa kinyume cha njia yake mpaka yatokee kwenye usukani. Kinyume ndiyo bora, kwa sababu mchanga na mwani uliokwama mlangoni hutoka ulikoingilia. Hutumia kama lita moja. Mwisho nasukuma hewa, mrija ubaki mtupu.

Shafti huchomolewa yote. Kila safari, hata tukikimbia dakika chache. Girisi iliyotoka imekuwa nyeupe imechanganyika na maji. Shafti hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta, mrija hupitishwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, halafu girisi mpya ya baharini hupakwa urefu wote. Shafti ya nyaya hukamata chumvi katikati ya misokoto, na ukiiacha ndani wiki moja utaikuta imeshikana na mrija.

Mota husuuzwa kwa maji matamu kidogo, hupulizwa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila beringi, na kuizungusha kwa mkono. Beringi nzima haina sauti. Yenye mchanga au kutu utaisikia vidoleni kabla ya masikio.

Halafu boti hulala kivulini, kifuniko wazi, mbele ya feni. Isianikwe juani, kwa kuwa bodi iliyofungwa huwa tanuri na epoksi hulegea. Asubuhi, kabla ya kuiweka juu ya kabati, napitisha kidole kwenye kila kiunganishi. Kidole kikitoka na unga wa kijani, kiunganishi kinasuguliwa kwa siki, kinasuuzwa na kutiwa girisi.

Masika

Hori limekuwa la udongo. Mvua zinashusha takataka kutoka Mikindani na juu zaidi: matawi, chupa, vipande vya nailoni vilivyokuwa vimefukiwa tangu kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017. Kipande kimoja kikizunguka propela kwa kasi ile, shafti inakatika. Boti imekaa nyumbani. Mapipa ya mvua yamejaa, na hayo ndiyo maji bora ya kuoshea kuliko yote.

Nimeifungua yote. Beringi ya mbele ya mota ina kutu licha ya mafuta. Nilifikiria zile zenye mipira ya kauri, zinazosifiwa sana, lakini nyingi ni mseto: mipira ni ya kauri na pete zake ni chuma, na kinachooza ni pete. Nimechagua za chuma cha pua, za bei nafuu, nitakazobadilisha mara kwa mara bila uchungu.

Kishikio cha usukani, cha alumini, kimetoa unga mweupe kuzunguka skrubu. Hiyo ni kazi ya metali mbili ndani ya maji ya chumvi: alumini na chuma cha pua vikigusana hugeuka betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Nimesugua, nikaweka washa za nailoni kati yao, na nyuzi za skrubu nimezipaka girisi. Meli zilizo Kilindini hufungwa vipande vya zinki ili zinki iliwe badala ya bodi. Nami nimefunga kipande kidogo cha zinki kikigusa alumini moja kwa moja, bila rangi katikati. Kikipungua, nitajua kinafanya kazi.

Betri ziko kwenye volti 3.8 kwa seli. Nazipima kila mwanzo wa mwezi.

Agosti, kusi

Kusi inavuma na nje ya mwamba bahari imechafuka, ila kona yetu ya hori ina kinga asubuhi. Maji yamepoa hadi nyuzi 25 hivi, na mota kwa mwendo uleule imepimwa 52. Tofauti ya nyuzi nne za maji naiona moja kwa moja kwenye mota.

Zinki imepungua, ina vishimo. Alumini ni safi.

Mpwa wangu anataka betri ya seli nne. Tuliketi tukapiga hesabu pamoja, kwa sababu swali lake ni la haki. Volti 14.8 mara 2000 ni mizunguko 29,600. Nguvu inayotakiwa na propela hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mizunguko: mizunguko ikiongezeka kwa theluthi moja, nguvu huwa zaidi ya mara mbili. Kwa hesabu hiyo wastani wetu wa ampea 46 ungefika zaidi ya 80, na vilele vyake vingepita mbali. Kidhibiti cha 120 kingekuwa ukingoni, tena kikipozwa na maji ya nyuzi 29 mwezi wa tatu. Njia ingekuwa kushuka kwenye propela ya milimita 36. Aliangalia karatasi, akasema, "Basi kwanza tununue propela, Mjomba." Nimekubali. Propela ndogo tutaijaribu na seli tatu, tupime joto na ampea, ndipo tuzungumze juu ya nne.

Oktoba, matlai

Tangambili. Hori limetulia kuliko wakati wowote wa mwaka, na maji mafu ya wiki hii yalikuwa laini kabisa. Propela ya 36 kwa seli tatu: boti inaondoka haraka zaidi lakini kasi yake ya mwisho ni ndogo, 590 mAh kwa dakika, mota nyuzi 49. Ni matumizi ya kistaarabu, na kwa siku za maji yenye joto huenda ikabaki hiyohiyo.

Shafti ya zamani imeanza kuonyesha waya mmoja uliokatika karibu na kiungo cha mota. Mpya ipo tayari, imepakwa girisi na kufungwa kwenye karatasi ya plastiki. Kabla ya kaskazi kurudi kuna kuibadilisha, kupima tena pengo la milimita 3, kufunga zinki mpya na kukata utepe wa kifuniko. Betri ya kwanza imepoteza usawa kidogo: seli ya kati hushuka mapema kwa volti 0.05 ikiwa kazini. Nimeiandika A kwa kalamu ya wino, itumike kwa mazoezi ya mpwa wangu ya kona za taratibu, na B ibaki ya majaribio.